Ulicheza Nini Utotoni?

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Tatu za kwanza Mama Kaimu alizijaza akiwa wima, ameilaza fomu juu ya toroli la mashuka machafu: jina, umri, miaka kazini, mashine anazozimudu. Alipofika ukurasa wa nne, kalamu iligoma hewani. Swali la ishirini na moja lilimuuliza alicheza mchezo gani utotoni. Chini yake palikuwa na visanduku: mpira wa miguu, netiboli, riadha, mwingineo (eleza). Kisha: ulicheza nafasi gani? Ulipata vikombe vingapi? Eleza jinsi mchezo huo ulivyokujenga kiuongozi.

Aligeuza karatasi nyuma na mbele, akidhani labda amepewa ya mtoto wa mtu.

"Jamani, hii ni fomu ya kuomba usimamizi wa dobi, au wanasajili timu?"

Wenzake sita walicheka mpaka aliyekuwa kwenye pasi kubwa ya mashuka akaunguza ncha ya shuka. Hospitali ile ilikuwa na vitanda mia tatu, na kila kilichotandikwa juu ya vitanda hivyo kilishuka kwenye chumba hiki cha chini, chenye mashine tatu kubwa, mvuke wa saa zote na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu mkurugenzi wa kabla ya mkurugenzi aliyepita.

Jina la Kaimu hakupewa na wazazi. Msimamizi alipostaafu, miaka mitatu iliyopita, aliambiwa akaimu kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ziliota mizizi. Akapanga zamu, akahesabu sabuni, akagombana na mafundi, na mshahara ukabaki ule ule wa mfuaji. Jina likamganda hadi mtaani, hadi walimu wa binti yake wakawa wanaandika barua kwa "Mama Kaimu". Na kabla ya hapo alikuwa amewafundisha kazi wasimamizi wawili, wote walioletwa kutoka juu wakiwa hawajui tofauti ya dawa ya damu na dawa ya weupe.

"Wa tatu simfundishi," alikuwa amewaapia wenzake. "Wakileta mwingine nisiyemjua, nachukua kanga yangu naondoka. Bora nikauze vitumbua vilivyoungua."

Sasa nafasi imetangazwa, na wa tatu alikuwa ameshajulikana. Kijana wa stoo, aliyeitwa Kapteni kwa kuwa alikuwa nahodha wa mpira wa kikapu katika shule ya bweni yenye kiwanja cha sakafu ya mbao, alishuka ngazi akinukia manukato, fomu yake imetiwa kwenye faili la plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Eti mama, mashine moja inabeba mashuka mangapi?"

"Kwa nini?"

"Nataka tu kujua. Nikipata, si utanifundisha?" Alisema kwa tabasamu safi kabisa, na hilo ndilo lililouma. Mtoto wa watu hakuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulikuwa ghorofani. Afisa Utumishi alikuwa amerudi kutoka semina ya siku tatu, kwenye hoteli yenye maji ya chupa, akiwa na begi la bure na imani mpya. Semina ilimfundisha kwamba waliocheza utotoni ndio wanaopanda vyeo ukubwani, kwa hiyo ukitaka kiongozi mtafute mchezaji. Hakuna aliyeuliza kama aliyeshiba hucheza vizuri kuliko mwenye njaa. Waliokula asubuhi ndio waliokimbia jioni, waliokimbia ndio waliopigwa picha, na waliopigwa picha ndio wanaoajiriwa na wenye kuta za kutundika picha. Halafu semina inaitishwa kutuambia kwamba siri ilikuwa kwenye mpira.

*

"Tumeokoka!" alisema mume wake Jumamosi mchana, alipomaliza kuisoma fomu. "Mke wangu, umeolewa na mtu sahihi."

Mume huyu alikuwa fundi cherehani wa zipu na viraka, barazani kwao, na mtaa mzima ulimwita Winga. Hapakuwa na mteja aliyewahi kungoja zipu yake bila kusimuliwa kuhusu timu ya shule, krosi za winga wa kulia na uwanja uliokuwa ukilipuka. Kama kucheza utotoni kungepandisha watu vyeo, Winga angekuwa waziri. Mkewe aliliwaza hilo na kulimeza pamoja na chai.

"Mimi sikucheza kitu," alisema. "Niandike ukweli tu."

"Ukweli hauna kisanduku hapa. Angalia mwenyewe. Tia alama kwenye netiboli."

"Kwani wewe unaijua netiboli?"

"Mpira ni mpira. Unabadilika ukubwa tu." Winga alizima cherehani, dalili kwamba jambo limekuwa zito. "Ulicheza beki namba tatu. Usiseme mshambuliaji, watakuona una majivuno. Beki namba tatu anapanda na kushuka. Wataona mtu wa kujituma."

Binti yao wa kidato cha tatu alikuwa mlangoni, akipiga pasi sare ya shule. "Andika riadha, mama. Nani hajawahi kukimbia?"

"Riadha ni ya mtu mmoja," baba alikata. "Wanataka ushirikiano, wameandika hapa. Sasa, fainali. Dakika ya themanini na nane, mko sare, moja kwa moja. Mnapata kona. Wewe beki unapanda…"

"Baba, netiboli haina…"

"Haina nini? Haina wachezaji? Wewe mtoto, nenda kaangalie maji jikoni."

"Lakini baba…"

"Maji!"

Binti alikwenda kuangalia maji ambayo hayakuwepo jikoni, na nyuma yake mama yake alipiga kichwa, akafunga goli, akabishana na refa na kubebwa mabegani na mashabiki. Alirudia mara nne. Winga alimrekebisha jinsi ya kuonyesha kwa mkono mpira ulivyopinda. Mara ya tano hata yeye mwenyewe akaanza kuyasikia makofi.

Binti aliporudi na kujaribu tena kufungua mdomo, mama alimwambia, "Niache kwanza mwanangu, nitasahau." Basi binti akanyamaza. Alikuwa amelelewa vizuri, na siku ile malezi mazuri yaliwaponza.

*

Kapteni aliingia wa kwanza kwenye usaili, akiwa na picha ya timu kwenye fremu, kubwa kama trei. Alitoka baada ya dakika kumi akisema "wako poa sana, mama, usiogope." Ukutani ndani ya chumba palibaki msumari mtupu, na Mama Kaimu alipoketi aliona kwamba kalenda iliyokuwa pale imeshushwa ili picha ile ijaribiwe.

Mezani walikuwa watatu: Afisa Utumishi katikati, Mhasibu kushoto, Matroni kulia, mama mzito wa maneno machache anayekaribia kustaafu. Pembeni, Katibu Muhtasi alikuwa akichapa kila kinachosemwa.

Kuhusu sabuni hawakuuliza. Kuhusu zamu hawakuuliza. Afisa alifungua ukurasa wa nne moja kwa moja, uso ukachangamka.

"Netiboli! Safi sana. Nafasi gani?"

"Beki namba tatu, bosi."

Vidole vya Katibu vilisimama juu ya kibodi.

"Namba tatu," Afisa alirudia, akiandika. "Namba ngumu hiyo."

"Ngumu sana. Ndiyo inayopanda na kushuka."

"Naam. Na ushirikiano ulijifunza vipi?"

"Siku ya fainali, bosi. Dakika ya themanini na nane. Tuko moja kwa moja. Tukapata kona." Alikuwa amesimama bila kujua. "Mimi beki, lakini nikasema hapana, leo lazima tusaidiane. Nikapanda. Mpira ukaja umepinda, hivi. Nikaruka, nikapiga kichwa…"

"Wavuni!" Mhasibu alishindwa kujizuia.

"Wavuni! Refa akataka kukataa, eti nimeotea. Tukamzunguka, akanipa kadi ya njano, lakini goli likabaki."

"Ustahimilivu," Afisa alinong'ona, akiandika kwa haraka. "Kujiamini mbele ya mamlaka."

Hapo Katibu Muhtasi alitoa sauti kama birika linaloanza kuchemka. Alijifanya anakohoa. Akashika leso. Leso haikutosha.

"Kuna nini?" aliuliza Afisa.

"Samahani bosi. Samahani dada yangu." Katibu alifuta machozi. "Mimi nilikuwa mfungaji wa netiboli miaka minne shuleni. Netiboli haina kichwa, bosi. Haina kona. Haina kuotea. Na dakika ya themanini na nane watu wameshaoga, wako nyumbani."

Afisa alivua miwani.

"Kwani hakuna kona?"

"Hakuna, bosi."

"Lakini nimeshaandika."

"Na namba ngumu je?" Matroni aliuliza, kwa mara ya kwanza siku ile, akitazama dari. "Umeiandika nayo?"

Masikio ya Afisa yalibadilika rangi. Mtu aliyeonekana mjinga mbele ya watu watatu hutafuta haraka wa nne wa kumbebesha. Alivaa miwani tena. "Mama, kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ya mwajiri ni kosa la kinidhamu. Hapa hatuzungumzii tena usimamizi. Tunazungumzia kazi yenyewe."

Mama Kaimu aliketi. Miaka kumi na minne ya mvuke, na inaishia kwenye kichwa alichopiga kwa kufundishwa na fundi wa zipu. Alijitazama viganja, vilivyopauka kwa dawa. Akaona aibu ilikuwa imeshamfika shingoni, na zaidi ya hapo haikuwa na pa kwenda.

"Haya. Sikucheza," alisema. "Nilikuwa nafua jezi."

"Jezi za nani?"

"Za timu ya shule. Mama yangu alipewa kazi ya kuwafulia, naye alikuwa na kichanga mgongoni, kwa hiyo nikafua mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Jezi kumi na nne, kaptula kumi na nne. Soksi siwezi kukwambia, maana wengine walileta moja moja. Wakicheza, mimi nafua za jana. Wakipumzika, nafua za leo. Mechi sikuiona hata moja. Lakini niulize mechi yoyote, bosi, nitakwambia nani alicheza na nani alitembea."

"Utajuaje, na hukuiona?"

"Si ilikuwa kwenye nguo? Golikipa tope liko kiwiko cha kulia tu, miaka miwili mfululizo. Kushoto alikuwa haruki, anaogopa. Kulikuwa na beki mmoja mdogo, jezi yake ilikuja imechanika kila wiki, mgongoni alama za vidole vya watu. Huyo ndiye aliyeshinda mechi zote, na jina lake halikuwahi kutajwa mstarini." Alivuta pumzi. "Na nahodha. Jezi ya nahodha ilirudi safi, bosi. Kwapa kavu. Ningeweza kuikunja na kuirudisha bila kuilowanisha. Lakini kikombe alibeba yeye, picha alipigwa yeye, na leo ni mtu mkubwa, ana dereva. Kwa hiyo hiyo semina yenu huenda inasema kweli. Ila mimi ningewauliza waliosoma: wanaopanda ni waliocheza, au waliovaa jezi?"

Katibu Muhtasi alikuwa ameanza tena kuchapa, kwa nguvu, bila kuambiwa.

"Na hapa hospitalini?" aliuliza Matroni polepole. "Nguo za hapa unazionaje?"

"Vilevile, Matroni. Makoti yote yana namba, na yote yanapita mikononi mwangu. La muuguzi wa wodi ya wazazi linakuja limelowa hadi mabega. La daktari wa zamu ya dharura tunaliloweka peke yake. Halafu yako makoti ya ghorofani, ya kukagulia wodi. Kuna moja linakuja limekunjwa vile vile nilivyolikunja mimi, mikunjo yangu naijua. Mfukoni chembe za biskuti."

Mhasibu alijipapasa mfuko. Afisa alikohoa.

"Unamaanisha koti langu?"

"Sijataja mtu, bosi. Nimetaja biskuti."

Matroni aligeuza kiti chake kikalia kwa uchungu. "Kabla hatujamwadhibu huyu mama, Afisa, hebu tukamilishe utaratibu. Wewe utotoni ulicheza nini?"

Afisa alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

"Nilikuwa na pumu," alisema mwishowe.

"Pole. Mhasibu?"

"Drafti," alisema Mhasibu kwa sauti ndogo. "Na kaka yangu. Alikuwa ananifunga."

"Na mimi nilikuwa nabeba wadogo zangu mgongoni, watano, kwa zamu. Basi kwa fomu hii meza nzima haina sifa ya kukaa kwenye meza." Matroni alifunga faili. "Tukubaliane, au tukamwite Kapteni atusimamie sisi?"

*

Wiki mbili zilipita bila neno. Nyumbani, Winga aliendesha uchunguzi wa kushindwa, kama makocha wanavyofanya redioni.

"Tatizo lilikuwa muda. Ungesema dakika ya sitini."

"Tatizo lilikuwa kichwa, baba," alisema binti.

"Sasa wewe ulijua, ukanyamaza?"

"Ulinituma maji!"

Mama Kaimu hakucheka. Alikuwa anahesabu alivyonavyo: mikono, kanga, na kiapo mbele ya watu sita. Kapteni alikuwa ameshaanza kupima kwa macho chumba cha vioo cha msimamizi, mahali pa kuweka fremu.

"Mama," binti alisema akikaa karibu naye, "kumbe timu uliyoifulia ni hii hii ya baba?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa jezi ya baba ilikuwaje?"

Cherehani barazani ilinyamaza. Winga aliingia na sindano mdomoni, uso umejaa matumaini kama mtoto anayesubiri matokeo. "Enhe. Mwambie mtoto. Mwambie mwenyewe."

Mama Kaimu alimtazama mume wake. Wachezaji wa akiba wa timu ile walikuwa watatu, na walikuwa na kiti chao, ubao uliolazwa juu ya mapipa ya lami. Jezi ya Winga ilirudi kila wiki bila hata vumbi. Lakini kaptula, nyuma, pale pa kukalia, ilikuwa na mstari mweusi wa lami usiotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, na mtoto wa miaka tisa aliusugua mpaka vidole vikachubuka, akiwaza huyu ni nani anayekaa kwa bidii kiasi hiki.

"Kaptula ya baba yako," alisema, "ndiyo iliyonitoa jasho kuliko zote."

"Unasikia?" Winga alimgeukia binti, sindano ikadondoka. "Unasikia hiyo? Kuliko zote!" Akarudi barazani, na cherehani ikaanza kwa kasi ambayo haikuwa imesikika tangu mwaka uanze.

Binti alimkazia mama macho. Mama alikuwa amevutiwa sana na ukuta.

*

Barua ilikuja Jumatatu. Amepata. Mstari wa tatu uliongeza: kwa kipindi cha majaribio cha miezi sita.

Wenzake walikuwa wameshaanza kupiga ngoma kwenye ndoo. Yeye aliikunja barua, akapanda ngazi na aproni yake iliyolowa, akaacha nyayo za maji kwenye zulia la Afisa Utumishi.

"Bosi, hapa pameandikwa majaribio."

"Ni utaratibu tu, mama. Kila msimamizi mpya…"

"Mpya nani? Nimekaimu miaka mitatu. Nimefundisha wasimamizi wawili. Mnajaribu nini tena? Kama maji bado yanalowanisha?"

"Utaratibu…"

"Sawa, bosi." Aliiweka barua mezani, akailainisha kwa kiganja. "Siondoki na haraka sina. Nitangoja hapa mpaka utaratibu uishe. Halafu koti lako liko tayari chini. Nimelishika mwenyewe, maana wasichana walikuwa wanaliulizia ni la nani."

Afisa alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na Katibu Muhtasi, kwa ng'ambo, alikuwa ameacha kuchapa. Afisa alichukua kalamu. Mstari wa tatu ulikatwa, ukakatwa mara ya pili, ukawekwa sahihi pembeni na mhuri juu yake.

Jina la Kaimu halikutoka, lilikuwa limeshaingia sana, lakini mshahara ulibadilika, na jina lisilopunguza mshahara halina madhara. Kapteni aliomba mwenyewe kuhamia chini ajifunze kazi. Mama Kaimu alimfundisha. Safari hii alikuwa analipwa kwa kufundisha, na kijana alikuwa na mikono mirefu ya kufaa kwenye mashine ya tatu.

Ijumaa ya kwanza toroli la ghorofani lilishushwa. Aliyelipokea alipiga yowe, wote wakaacha mashine wakaja kuangalia. Koti la Afisa Utumishi lilikuwa na udongo viwiko vyote viwili. La Mhasibu lilikuwa na mfereji mweusi mgongoni, kana kwamba alilala chini ya lori. La naibu mkurugenzi, ambaye kwenye usaili hata hakuwepo, lilikuwa limepakwa mpaka kwenye kola.

"Mungu wangu," alisema Kapteni. "Wamefanya kazi gani hawa?"

Mama Kaimu alichukua koti la kwanza akalisogeza kwenye mwanga. Udongo mweusi, laini, wenye vipande vidogo vya maganda ya mayai. Uwanja mzima wa hospitali ulikuwa saruji na kokoto. Mahali pamoja tu palikuwa na udongo wa namna hiyo: vyungu vya maua vya korido ya juu, ambavyo mfagizi alivirutubisha kwa maganda ya mayai ya kifungua kinywa cha wakubwa.

Alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya ndoo iliyofunikwa, wenzake wakamzunguka wakicheka kwa kuwa yeye anacheka, hata kabla hajawaambia.

"Sasa msimamizi," aliuliza mmoja wao akijifuta macho, "tufue, au tuyarudishe?"

"Fueni, kazi ni kazi." Alisimama, akakung'uta aproni. "Ila kung'uteni kwanza udongo wote kwenye gazeti, mtu aurudishe juu. Tusije tukaua maua ya watu."